Mama Mkwe Darasani

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo, mama mkwe na mkwewe walitoka nyumba moja, wakapita mlango mmoja, wakashika njia moja kuelekea hoteli moja, lakini hawakutembea pamoja. Mama alitangulia. Mkwe alijifanya anakaza kamba za viatu mpaka mama alipokata kona, ndipo naye akaondoka, mkoba wake wa karatasi kwapani. Hakuna aliyekuwa amewaagiza wafanye hivyo. Lakini ni mwalimu gani anaingia darasani siku ya kwanza kasindikizwa na mama mkwe, kama mtoto wa chekechea?

Hoteli yenyewe ilikuwa ufukweni. Ilifungwa kwa muda mrefu ikikarabatiwa, na sasa ilikuwa na mwenyewe mpya, rangi mpya na meneja mpya. Huyo meneja alitangaza kwamba wafanyakazi wote wa zamani watarudishwa, ila kwa sharti moja: wapitie mafunzo ya kupokea wageni, na wayafaulu. Msimu ulikuwa mlangoni. Wageni waliokuwa wakija pwani hiyo miaka ya nyuma walikwisha kwenda fukwe nyingine, na walipoulizwa sababu hawakulalamikia bahari wala vitanda. Walilalamikia nyuso.

Mama alikuwa mhudumu wa ukumbi wa chakula tangu bintiye akivaa sare ya shule ya msingi. Mwendo wake ulikuwa wa haraka, mkono wake mwepesi, ulimi wake mwepesi kuliko mkono. Mkwe yeye alisomea kazi za hoteli chuoni, akahitimu vizuri, akaoa vizuri, kisha akakosa kazi vizuri vilevile. Tangu harusi alikuwa akiishi kwa mama mkwe, akiokota vibarua vya hapa na pale. Mama akampa jina: Mgeni. "Mgeni amekula?" alikuwa akimuuliza bintiye, na huyo Mgeni kakaa hapohapo na kijiko mkononi. Majirani walipomkumbusha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alijibu kwamba jembe wameshampa, amelifanya mto wa kulalia.

Kwa hiyo kampuni ya mafunzo ilipompigia simu Mgeni kumwambia amepata mkataba wa kufundisha, binti wa mama aliacha nguo kwenye cherehani ikining'inia na uzi, akapiga vigelegele mpaka paka akakimbia. Mama aliuliza ni hoteli gani. Alipotajiwa, akasema hongera. Ilisikika kama pole.

Darasa lilikuwa ukumbi uleule wa chakula. Walikaa wapishi, madobi, watunza bustani, wasafisha vyumba na mlinzi wa geti, kila mmoja na sare yake mpya iliyokuwa bado inanukia duka. Mkwe alianza kwa kusoma karatasi yake neno kwa neno, akazoea. Aliwaambia kwamba mgeni hafiki mezani akiwa na njaa tu. Amefika na uchovu, na woga wa mahali asipopajua, na haya ya kuuliza choo kiko wapi. Kazi ya mwenyeji ni kumwondolea hayo kabla hajayasema. Akaeleza jinsi ya kusimama, kuangalia, kutabasamu. Mlinzi wa geti akataka kujua, akitabasamu yeye, wezi watamwogopaje. Watu wakacheka, na darasa likaingia njiani.

Mama alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, akimtazama mkwewe kama mtu anayemtazama fundi asiyemwamini akipanda juu ya paa lake.

Siku iliyofuata ikaja zamu ya mazoezi. Mkwe angekuwa mgeni, wahudumu wangempokea mmoja mmoja, na jikoni palikuwa na chakula cha kweli ili zoezi lifanane na kazi. Wawili wa kwanza walipita salama. Wa tatu alikuwa mama. Ukumbi mzima ulijua habari za nyumba ile, na viti vikaanza kusogezwa mbele taratibu bila mtu kuonekana anavisogeza.

Maneno yalikuwa yameandikwa ubaoni: Karibu sana, mheshimiwa, tukuhudumie nini? Mama aliyasoma. Akayasoma tena. Akamtazama huyo mheshimiwa, ambaye alfajiri hiyo alimwacha bafuni akiimba na kumaliza maji ya ndoo.

"Karibu, mheshimiwa," alisema hatimaye. "Kuhudumiwa umekuzoea, kaa."

Kicheko kikalipuka. Mkwe akatabasamu kama alivyowafundisha, akakaa. Alikuwa amepanga kuigiza mgeni mwenye haya, basi akaagiza kwa sauti ya chini: supu ya mboga na mkate. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa uhakika, akaenda jikoni, akarudi na samaki wa kukaanga mwenye macho yote mawili. Mkwe akasema kwa upole kwamba aliomba supu.

"Samaki ndiye mzuri leo," mama akasema, akimsogezea uma.

"Lakini mama, anayechagua ni mgeni."

"Mgeni anayejua anachotaka hakai miaka kwenye nyumba za watu."

Safari hii hakucheka mtu. Mpishi alikohoa. Dobi mmoja akaanza kukagua kucha zake. Mkwe aliinama, akachukua uma, akala samaki kipande kimoja kwa sababu hakujua afanye nini kingine, kisha akamshukuru na kumwita anayefuata. Kwenye karatasi ya maendeleo, mbele ya jina la mama mkwe wake, aliandika: bado. Aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Nyumbani wakaacha kusemeshana. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na sebuleni ndiko ilikokaa cherehani, kwa hiyo binti aligeuka kituo cha posta. Mama akiwa hatua chache tu kutoka kwa mkwewe angesema, mwambie mumeo taulo lake liko juu ya kiti changu. Mume angesema, mwambie mama nashukuru, nitaliondoa. Binti alipeleka ujumbe huku na huku akishona suruali ya mtu, mpaka siku moja akashona mguu mmoja wa suruali ukafungika chini kama mfuko.

Usiku chumbani alimbana mumewe. Mama asipofaulu atakosa kazi, alisema, na mkataba wako unaisha mafunzo yakiisha. Tutakula hayo mafunzo? Mume akajibu kwamba meneja amemwahidi, darasa likienda vizuri, atamchukua awe msimamizi wa kudumu wa mafunzo pale hotelini. Sasa akimpitisha mtu anayelazimisha wageni samaki, na msimu ufunguliwe, na malalamiko yaanze, huko kudumu kutatoka wapi? Binti akahamia upande wa pili. Alimfuata mama jikoni asubuhi akamwambia yule ni mume wake, na akimwaibisha yule amemwaibisha yeye. Mama akaendelea kupepeta mchele bila kujibu. Binti akatoka akitokwa na machozi ya hasira, maana hakuna kinachouma kama kumwaga moyo wako halafu mtu anapepeta mchele.

Mkwe alianza kumchunguza mama mkwe wake darasani kwa nia mbaya. Huo ndio ukweli. Alitaka kukusanya makosa ya kutosha, ili siku akimfelisha asije mtu akasema ni chuki za nyumbani. Makosa aliyapata, ila yalikuwa na tabia ya ajabu. Kwenye meza za upande wa dirisha mama aliagizwa juisi akaleta juisi, aliagizwa kahawa akaleta kahawa. Kwenye meza za upande wa pili aliagizwa yai akaleta ndizi, na aliyeuliza aliambiwa ndizi inajenga mwili. Mpishi akimwita kutoka kulia, aligeuka kabla jina halijaisha. Akimwita kutoka kushoto, alipita kama gari la wakubwa. Na siku sinia la vijiko lilipoanguka nyuma yake, watu wote waligeuka; mama aligeuka naye, ila upande usio na sinia.

Mkwe alifunga daftari lake. Alikuja kutafuta dhambi, akaona ameokota kitu kingine kabisa asichojua akiweke wapi.

Jioni hiyo mama alikuwa akiosha vyombo. Mkwe akaenda akasimama kushoto kwake, karibu kiasi cha kugusana mabega, akafikiria ni neno gani ambalo mama huyu hawezi kulisikia akalinyamazia. Akalipata.

"Mama," alisema kwa sauti ya kawaida, "nimepata mke wa pili."

Mama alisuuza sahani, akaiweka, akachukua nyingine.

Mkwe akazunguka kulia. "Mama, chai iko wapi?"

"Mwambie aliyekuoa akuonyeshe," mama akajibu papo hapo, bila hata kugeuka.

Basi yule mkwe akapumua, akageuka aondoke, na mlangoni akakutana uso kwa uso na mkewe, ameshika mkasi wa kukatia vitambaa, amesikia kila kitu.

Maelezo yalichukua muda, na mwanzoni yalitolewa na mume akiwa upande wa pili wa kitanda. Mke alitaka kwanza kujua huyo mke wa pili ni nani. Alipoelewa kwamba hayupo, alitaka kucheka; alipoelewa maana ya mama kutolisikia neno lile, kicheko kikakauka. Akaketi na mkasi wake mapajani. Akakumbuka redio inavyopiga kelele siku hizi hadi majirani wanabisha hodi. Akakumbuka mara ngapi amemweleza mama mambo yake, akaona hajibiwi, akalala na kinyongo. Na ule mchele. Siku ile alikuwa amesimama upande gani? Alipopata jibu aliuficha uso kwenye mto.

Walikubaliana mume ndiye aseme. Binti hakuweza, angelia, na mama hakuwavumilia watu wanaolia.

Mkwe alimkuta amekaa nje nyuma ya nyumba, kwenye benchi, akikunja nguo zilizokauka. Akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia upande wa kulia wa mama. Alianza mbali, akazunguka, akaona anapotea, akasema tu kwamba amegundua sikio la kushoto halisikii. Mama alikunja shuka, akalikunja tena mpaka likawa dogo mno kwa shuka.

"Umemwambia meneja?"

"Hapana."

"Utamwambia?"

"Sikio si langu, mama."

Mama akaliweka shuka kando. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu huyu kijana aingie nyumba ile, akamweleza jambo lake mwenyewe. Ilianza kwa maumivu, alisema, kisha ikaja miluzi kama ya birika linalochemka, kisha hata miluzi ikaondoka. Hospitali alikwenda mara moja, akapewa dawa ya matone, akaambiwa arudi, hakurudi. Kila siku ya ruhusa ilikuwa siku ya kuonekana mgonjwa. Kazini aliogopa. Mhudumu asiyesikia ni kama dereva asiyeona. Ndipo akagundua kwamba akiwa mkali, mgeni hathubutu kurudisha chakula. Watu humsamehe mkali, alisema, hawamsamehe kiziwi.

Mkwe alimwambia hapo ndipo asipokubaliana naye. Wageni hawakuondoka kwa sababu ya sikio. Waliondoka kwa sababu waliomba supu wakapewa samaki, na kesho yake wakaogopa kuomba. "Sikio ningelipitisha," alisema. "Huyo samaki siwezi, mama. Ukiwa hujasikia, mwambie mtu hukusikia. Mwonyeshe upande unaosikia. Mgeni naye ni binadamu."

"Rahisi kwako, wewe unayo mawili," mama akasema. Akajitwika nguo zake akaingia ndani.

Mtihani wa mwisho ulikuwa chakula cha mchana. Meneja aliwaalika watu wa nje wajaze ukumbi kana kwamba msimu umeshafunguliwa: watu wa ofisi ya utalii, wenye mabasi, waongoza wageni. Yeye mwenyewe alikuja na mama yake mzazi, bibi mdogo wa mwili aliyevaa miwani mikubwa, mwenye sauti ya mtu anayeongea kanisani au msikitini. Wakakaa meza ya upande wa pili, ile isiyokuwa ya dirisha. Na meza hiyo ilikuwa ya mama.

Mkwe alisimama karibu na mlango wa jikoni, karatasi mkononi. Alimwona mama akikaribia, akisimama wima, akisema karibu sana kwa uso uliokuwa umelainika kidogo, kama mkate wa jana uliopashwa moto. Alimwona bibi akifungua menyu, akiinua kichwa, akisema kitu. Akamwona mama akiitikia kwa kichwa, kwa uhakika.

Mkwe alijua kile kichwa. Kilikuwa kichwa cha samaki.

Mama alipiga hatua kuelekea jikoni, ya pili, ya tatu. Kisha akasimama katikati ya ukumbi, sinia limebanwa kifuani, watu wakipita huku na huku. Haijulikani alifikiria nini pale. Hata baadaye hakumwambia mtu. Aligeuka, akarudi mezani, akazunguka kiti cha bibi na kuja upande wa pili, akainama.

"Samahani, mama yangu," alisema, na kwa kuwa alizoea kupaza sauti ili ajisikie, meza tatu zilimsikia. "Sikusikia ulichoagiza. Hili sikio la kushoto limekufa. Naomba uniambie tena huku."

Meneja aliacha kukunja kitambaa chake. Mlinzi wa geti, aliyekuja kuchungulia, aliganda mlangoni. Yule bibi alimtazama mama kupitia miwani yake, akasogea, akamshika kiwiko na kumvuta karibu. Akamwambia sikioni anataka supu, lakini ya vuguvugu, kwa sababu meno yake ya mbele ni ya kuvaa na hayapendi moto. Mama akasema ataipoza mwenyewe. Wakabaki wamesogeleana pale, bibi akiendelea kueleza habari za meno hayo na fundi aliyeyatengeneza, na mama akicheka, kicheko kifupi chenye kukwaruza ambacho wenzake wa miaka mingi hawakuwahi kukisikia kazini.

Supu ilikuja vuguvugu. Bibi aliimaliza na kuomba nyingine.

Baada ya wageni kuondoka, meneja aliwaita wote wawili ofisini. Hakuwa amekasirika, alikuwa mtu wa hesabu, na watu wa hesabu hukasirika kwa utaratibu. Alimwambia mama kwamba amependa alivyofanya, na mama yake mzazi ameagiza asifukuzwe, na yeye hagombani na mama yake. Atampa meza za upande wa dirisha peke yake, ambako wageni wote watakuwa kulia kwake, na azihudumie mpaka msimu uishe. Lakini aende hospitali, na safari hii akiambiwa arudi, arudi. Mama akasema ndiyo, akatazama chini, akasema ndiyo tena.

Kisha meneja akamgeukia mwalimu, akauliza kama alijua.

Mkwe angeweza kusema hapana. Mama alimtazama kwa pembeni akisubiri aseme hivyo, na asingemlaumu. Mkwe akasema alijua. Meneja akauliza kwa nini basi hakumweleza, na mkwe akaanza jibu la mtu msomi kuhusu siri za mwanafunzi, likamkwama, akasema tu kwamba hakuona kama ni lake la kusema. Meneja akagonga kalamu mezani. Alisema anamwelewa kama mtoto wa watu, ila kama meneja anahitaji msimamizi atakayemwambia kila kitu. Ile nafasi ya kudumu hatampa. Atamwandikia barua nzuri kwa kampuni yake, na kampuni ina hoteli nyingine nyingi katika pwani hii zinazohitaji mafunzo. Akampa mkono, kwa heshima zote.

Njiani kurudi nyumbani walitembea pamoja. Si kwamba walipatana kutembea pamoja. Hakuna aliyekumbuka kutangulia. Mkwe alijaribu kusema kwamba si neno, mkataba ni mkataba, riziki haina mlango mmoja. Mama hakujibu, na mkwe akagundua yuko kushoto kwake, hivyo maneno yote yale mazuri ya kujipa moyo ameyasikia mwenyewe.

Binti alipopewa habari zote mbili, ya kufaulu na ya kukosa, hakujua aanze kwa vigelegele au kwa pole, akaishia kupakua chakula. Mkwe alikula kidogo. Alikuwa akifikiri jinsi atakavyoanza tena, hoteli hii wiki mbili, ile wiki tatu, na kurudi kila mara katika nyumba hii hii, kwenye kiti hiki hiki, akiulizwa kama amekula.

Mama aliweka kijiko chini.

"Baba," alisema.

Binti aliinua kichwa kuona nani ameingia. Hakuna aliyeingia. Mama alikuwa akimwangalia mkwewe, na kwa mguu wake alikuwa akisukuma kigoda kutoka chini ya meza, akikileta upande wake wa kulia.

"Hamia huku. Huko ulikokaa sikusikii, na nataka kujua hizo hoteli nyingine ziko wapi, wanalipa namna gani, na ukiwa huko utalala wapi na kula nini."

Mkwe alibeba sahani yake, akazunguka meza, akakaa. Akaanza kueleza. Alieleza habari za kampuni, akaeleza za usafiri, akaeleza mpango aliokuwa nao wa kuandaa mafunzo yake mwenyewe siku moja, kitu ambacho hata mkewe hakuwahi kukisikia chote. Alieleza kwa kirefu, kwa mikono, chakula kikipoa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akageuza kichwa kidogo ili asipoteze neno.

"Kumbe wewe ni msemaji namna hii," alisema hatimaye. "Na mimi miaka yote hii nilikuwa nimepumzika."

Akachukua kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani yake, akakiweka kwenye sahani ya mkwewe, akamwambia aendelee.